Mama Aliyeuliza "Ba Nani?"

Alikuwa akisalimia nyaya kwanza, watu baadaye. Ukimkaribisha uani kwako, alisimama mlangoni, akainua kichwa, akafuata waya kwa macho kutoka kwenye nguzo ya barabarani mpaka unapoingia chini ya bati, akaguna, ndipo akashusha macho na kusema, "Jambo yenu." Wasiomjua walidhani ana maringo. Sisi tuliomjua tulihesabu miguno. Mmoja ulimaanisha kwamba mtaishi. Ikiwa miwili, mtu alikwenda kutafuta ngazi.

Tulimwita Mama Ingénieur. Ruashi nzima, mtaa wetu pembeni ya Lubumbashi, ilimwita hivyo, kuanzia padri mpaka walevi wa kona. Alikuwa mhandisi wa umeme, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika mgodi wa shaba nje ya mji. Basi la wafanyakazi lilimchukua alfajiri na kumrudisha jua likizama, kofia yake ngumu ikiwa mapajani kama mtoto aliyelala. Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani. Sikuuliza, na mimi ni mtu wa kuuliza. Niliwahi kushuka kwenye lori kule Likasi nikaachwa, kwa sababu nilimwona mtu anachimba kisima nikataka kujua amejuaje kwamba maji yako pale na si pengine. Lakini mbele ya mama yule maswali yaligeuka. Ulikwenda kuuliza, ukarudi umeulizwa.

Siku zake za kupumzika zilikuwa Jumamosi, na hakupumzika. Chini ya paa la bati uani kwake kulikuwa na meza mbili ndefu, mota zilizoungua, feni zisizo na mapanga, na ubao uliokuwa mlango wa kabati uliopakwa rangi nyeusi. Vijana walikuja kumi, kumi na watano, wasichana kwa wavulana. Aliwataka wavae viatu na wafike kwa wakati, basi. Aliwafundisha kufungua mota na kuisuka upya, kusoma mchoro, kupima, na kueleza kwa sentensi kamili walichokifanya. Hilo la mwisho ndilo lililowatoa jasho.

Kwangu mimi alitaka kitu kimoja: nimalize. Niliacha masomo nikiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo sikumaliza chochote. Nilianza useremala nikauacha, nikaanza kupakia malori nikaacha, nikauza vocha za simu, nikapaka nyumba rangi mpaka ukuta wa tatu. Alitaka nifanye mtihani wa taifa, ule tunaouita Exétat, kama autodidacte, yaani mtu aliyejisomea mwenyewe, serikali inaruhusu. "Maliza kitu kimoja," aliniambia, "kisha nitakuacha utembee dunia muzima." Nilimkimbia kwa jambo hilo karibu miaka kumi na mitatu.

Tulikutana mimi nikiwa juu yake, kwa maana nilikuwa juu ya bati. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikimsaidia seremala mmoja wa mtaa wake ambaye waya wa msumeno wake wa umeme ulikuwa umekatika juu ya bati. Ilikuwa saa nne asubuhi na mtaa mzima ulikuwa hauna umeme. Kwetu hilo ni jambo la kila juma: délestage, zamu ya mtaa huu kukatiwa ili mtaa ule upate. Kwa hiyo nilipanda bila hofu, miguu mitupu, nikawa namenya waya kwa meno.

"Weye wa kule juu," sauti ikasema barabarani. "Shuka."

"Courant haiko, Mama."

"Nani anakuambia haiko?"

"Banakata."

"Ba nani?"

Nilimtazama. Mwanamke mfupi, kitenge cha samaki, viatu vikubwa vya mgodi. "Ba… ba courant, Mama."

"Unabajua?"

"Hapana."

"Balikuambia batarudisha saa gani?"

"Hapana."

"Basi unaweka waya mu kinywa kwa imani ya bantu haubajue. Hata muchumba hapewi imani ile. Shuka."

Seremala alicheka, nami nikashuka kwa aibu zaidi kuliko kwa utii. Niliziacha ncha mbili za waya juu ya bati. Sikumaliza hata kikombe cha maji. Watoto wa barabara nzima walipiga ule ukelele ambao kila mtu wa Lubumbashi anaujua, "Couraaant!", redio zikaamka zote kwa pamoja, na juu ya bati kitu kikalia kama mafuta yaliyomwagiwa maji. Tulipopanda baadaye tulikuta tundu kwenye bati, upana wa kidole gumba.

Hakunikaripia. Aliangalia mikono yangu, upande wa ndani na wa nje, kama mama anayemkagua mtoto kabla ya chakula.

"Kesho ni samedi," alisema. "Kuya kwangu. Na uvae viatu."

Lazima nieleze kuhusu "ba", maana ndiyo sheria pekee aliyoiandika ukutani. Kwetu hatusemi "wamekata umeme". Tunasema "banakata". Na hao "ba" hawana sura wala anwani. Banakata courant. Banafunga barabara. Banapandisha sukari. Banasema mvua itachelewa. Ukitusikiliza siku nzima utadhani mji huu unaendeshwa na ukoo mmoja mkubwa ambao hakuna aliyewahi kuuona. Mama Ingénieur aliuchukia ukoo huo. Ukutani aliandika kwa chaki, BA NANI?, na mtu akianza sentensi kwa "ba" isiyo na mwenyewe, kila aliyekuwepo alitakiwa kumuuliza.

"Mama, banaiba pince yangu!" kijana mmoja alilia siku moja.

"Ba nani?" tukajibu wote.

"Sijue, ila banaiba!"

Msichana aliyekuwa nyuma yake akaichomoa koleo hiyo kutoka mfuko wa nyuma wa suruali ya kijana yule mwenyewe na kuiweka mezani polepole, kama sakristani anayeweka kikombe cha misa.

Sheria hiyo aliitoa mgodini. Kule, alitueleza, fundi akitaka kugusa mashine anakwenda mwenyewe kwenye swichi yake, anaizima, anaifunga kwa kufuli lenye jina lake, na ufunguo unakaa mfukoni mwake mpaka amalize. Hakuna mwingine wa kuifungua, hata mkubwa wa wakubwa. "Ku mugodi courant haijikate yenyewe," alisema. "Muntu anaikata, na jina yake iko pale. Hapa Ruashi munangoja délestage, munasema asanti Mungu, munapanda. Kukosa courant na kukata courant ni bitu bibili. Ile ya kwanza inakuua."

Niliyasikia hayo nikiwa na kitambaa cha kidonda kwenye mdomo, kwa sababu waya ule niliomenya kwa meno ulinichana. Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Alikuwa na misemo yake. "Voltmètre haina muyomba," yaani kipimo hakina mjomba wa kukipendelea. "Ukiogopa, pima. Usipoogopa, pima mara mbili." Na ule aliowapa wazazi waliokuja kusifu akili za watoto wao: "Akili iko mingi. Tunatafuta muntu wa kurudisha kifaa pahali alikitoa." Hakuwa mwepisi wa kusifu. Nilimwona akimrudisha msichana kuunganisha waya uleule mara tisa. Mara ya kumi akauvuta, haukuachia, akasema, "Haina mubaya," na msichana yule akaenda nyuma ya nyumba akacheza peke yake. Tulimwona dirishani.

Misa alichelewa kila Jumapili, yeye aliyetufungia mlango kwa kuchelewa dakika tano. Aliingia wakati wa Utukufu, akasimama nyuma, akainua kichwa kuzikagua taa za kanisa moja baada ya nyingine. Padri alizoea. Siku moja alinyamaza altareni, mikono imeinuliwa, akasema, "Tungoje kidogo, Mama Ingénieur hajafika kwenye taa ya mwisho." Kanisa lilicheka. Yeye alimaliza taa ya mwisho, akaguna mara moja, akapiga magoti.

Kuitwa Madame hakukubali. Siku moja mtu aliyevaa tai alikuja uani na karatasi, akamkuta ameinama juu ya mota, mikono ya grisi, akamuuliza, "Madame, ingénieur iko wapi?"

"Iko, Papa. Anaenda kunawa mikono."

Akaingia ndani, akanawa, akatoka akiwa amevaa kofia yake ya mgodi. "Mimi hapa," alisema kwa Kifaransa safi. Yule bwana alisahau alichokuja kufanya. Tuliisoma karatasi sisi.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililotushangaza, na ambalo tulilipenda kuliko yote. Mama yule, aliyeshika nyaya ambazo wanaume walizikimbia, aliogopa radi. Wingu jeusi la Novemba likipanda tu, alifunika kioo cha sebuleni kwa kitenge, akazuia watu wasisimame mlangoni, akakaa katikati ya chumba mikono mapajani. Jumamosi moja mvua ilitukuta tukiwa kumi na watano, sote tukajibana sebuleni. Radi ikapiga karibu, vikombe vikagongana.

"Mama," nikamwambia, "si weye njo ingénieur wa courant?"

"Courant ya ku nguzo minaijua," alisema bila kufungua macho. "Ile ya kule juu, hapana. Ile, banatuma."

Kisha vinywa kumi na vitano kwa pamoja:

"BA NANI?"

Alifungua jicho moja, kisha la pili. Akavuta kile kitenge kutoka kwenye kioo, akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akateremka kutoka kitini na kukaa sakafuni. Tantine Béa, mdogo wake aliyeishi naye, alitoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza nani anakufa. Mama Ingénieur alijipa adhabu yeye mwenyewe: Jumamosi iliyofuata alisafisha meza zote mbili peke yake, na hakumruhusu mtu kumsaidia. Kioo aliendelea kukifunika.

Msichana aitwaye Masika nilimjua pale pale mezani. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa kanisa na wa malori, mwenye depo la mafuta ya kula, maharagwe na samaki wa barafu. Msichana alikuwa na miaka kumi na mitano na alishika vifaa kama aliyezaliwa navyo. Alikuja Jumamosi tatu, ya nne hakuja. Mama Ingénieur akanipa begi lake nibebe, tukaenda depo.

"Jambo, Papa Masika. Mutoto iko mugonjwa?"

"Hapana, Mama Ingénieur, iko muzima. Ila ile kazi ya nyaya…" Mzee alishusha sauti. "Mutoto mwanamuke kupanda ngazi. Bantu batasema nini?"

"Ba nani?"

"Si bantu."

"Taja mumoja."

Mzee alikuna kidevu. Wapakiaji wake watano walisimama na magunia mabegani, wasitake kuikosa.

"Bon. Tuseme mama yake."

"Miye?" sauti ikalipuka nyuma ya madumu ya mafuta. "Miye nilisema nini? Usiniingize mu mambo yako, baba!"

Mpakiaji mmoja ilibidi atue gunia chini ili acheke vizuri.

"Pasta, basi," mzee alisema.

"Pasta? Mutoto wake wa pili iko ku meza yangu kila samedi, pembeni ya Masika. Mwingine."

Hakukuwa na mwingine. Mzee aliwatazama wapakiaji, nao wakatazama dari. Ndipo Mama Ingénieur, ambaye macho yake yalikuwa tayari yamekwenda kwenye nyaya, akauliza kuhusu friji kubwa la samaki. Mzee alikiri kwamba linazimika lenyewe, juma la tatu sasa, na mafundi wawili wameshindwa. Akaitwa Masika. Alitoka na vitabu vya depo mkononi, akaviweka, akaomba begi. Sisi wengine tulikaa juu ya maharagwe. Alipima kwenye ukuta, akapima kwenye friji, akarudi akifuata waya kwa vidole mpaka ulipopotea chini ya rafu ya chuma. Akachuchumaa, akatazama muda mrefu, akainuka na vumbi magotini.

"Papa," alisema, "waya inabanwa na muguu wa rafu. Nani alisukuma rafu?"

Mzee alifungua mdomo. Niliiona ile "ba" ikifika mpaka kwenye midomo yake, ikasimama hapo.

"Miye," alisema. "Njo miye. Siku ile mafuta iliingia."

Kisha akacheka, cheko la mtu mnene linaloanzia tumboni, akapiga meza kwa kiganja. "Samedi ni saa ngapi?"

"Saa mbili. Akichelewa minafunga mulango."

Leo Masika ni mhandisi mgodini, ana watu thelathini chini yake, na Jumamosi zile ni yeye anayeziendesha. Baba yake humleta mwenyewe kwa gari akiogopa mlango kufungwa.

Mimi sikuwa Masika. Nilikuja, nikajifunza kwa pupa miezi mitatu, nikaondoka. Siku yangu ya kuulizwa ilifika mapema, katika msimu ule wa kwanza. Tulikuwa tunasuka mota, mimi na yeye tu, wengine wamekwenda kula. Akaniuliza bila kuinua macho kwa nini niliacha masomo. Nilikuwa na jibu tayari. Nilishalitumia kwa madereva, kwa wasichana, hata kwa mama yangu mdogo.

"Balinifukuza."

"Ba nani?"

"Ba directeur."

"Directeur ni mumoja. Alikufukuza siku gani?"

Nikaitafuta siku hiyo. Nilimwona mkurugenzi wa shule, koti lake la kijivu, akija kwetu kunitafuta. Alikuja mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa nyuma ya kibanda cha makaa, namtazama kwenye ufa. Mota ilikuwa mkononi mwangu na uzi wa shaba umeanza kujikunja.

"Hakunifukuza," nilisema. "Miye njo nilienda. Lori ya Kasumbalesa ilikuwa na nafasi."

Nilingoja hotuba. Yeye alinyoosha ule uzi uliojikunja, akaendelea kusuka. "Muzuri," alisema. "Sasa tunajua swichi iko wapi. Ule aliyezima njo anaweza kuwasha."

Juma lile lile nilipanda lori la Kolwezi.

Sikuwa nimemchukia. Kitu kikisemwa wazi mbele yangu, miguu yangu ilitafuta barabara. Lakini kila niliporudi mjini nilijikuta langoni kwake, naye aliniuliza swali lile lile: "Unarudi ama unapita?" Nikisema ninapita, aliingia ndani akatoka na kurasa zilizofungwa kwa mpira: fizikia, hesabu, Kifaransa, kutoka vitabu vilivyokwisha kuachana na majalada yao. "Basi pita na hizi." Nilizisoma juu ya mizigo, kwenye foleni za mpakani, kwenye vibaraza vya watu nisiowajua. Nilizisoma kwa sababu nilitaka kujua, si kwa sababu ya mtihani. Nilijua kwa nini barafu inaelea kabla sijajua nitalala wapi.

Mara moja alinishika hasa. Alinipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya kujiandikisha, akasimama nami kwenye mstari, amevaa gauni lake la misa. Tulikuwa tumebakiza watu sita mbele yetu. Nikamwambia, "Mama, kuko jua, acha nikuletee mayi." Nilitoka, nikavuka barabara, nikaona lori la Likasi linapakia.

Nilirudi baada ya miezi minne. Nilisimama langoni na maneno ya kuomba msamaha niliyoyapanga njia nzima. Alikuwa anafua. Alininyooshea mkono wenye povu.

"Ile mayi iko wapi?"

Vijana wote uani waliangusha vifaa kwa kicheko, walikuwa wamesimuliwa. Kwa miaka iliyofuata jina langu pale lilikuwa Papa Mayi, yaani Baba Maji. Sikuwahi kupewa adhabu nyepesi kuliko hiyo, wala iliyodumu kuliko hiyo.

Alituacha mwanzoni mwa mvua zilizopita. Kilio kilijaa mpaka barabara ya pili. Asubuhi ya siku ya kwanza vijana wa spika walikuja kufunga vyombo vyao, na mmoja wao akaushika waya akisema usijali, courant haiko. Watu kumi na mmoja waliinuka kutoka kwenye viti vya kilio. Masika alikuwemo, mimi nilikuwemo, na baba wawili wenye mvi. Kila mmoja alikuwa ametoa mfukoni bisibisi ya kupimia umeme, ile yenye taa ndogo ndani ya mpini. Tulitazamana. Wajane wa mtaa walioimba mbele yetu walinyamaza wakidhani tunagombana, mpaka Tantine Béa alipoanza kucheka huku machozi yakimtoka, nasi tukamfuata.

Lakini sitaki kuishia kwenye kilio. Nataka kuishia kwenye kiangazi kilichotangulia, miezi michache nyuma.

Mambo yenyewe yalianza katika mvua zilizotangulia kiangazi hicho, nikiwa Kasumbalesa. Mtu mmoja aliyetafuta mtunza ghala aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikaanza: "Balini…" na nikasita. Yule mtu aliinua kichwa akangoja. Sikuweza kuendelea. Nilimwambia asante, nikarudi Lubumbashi siku ile ile, nikajiandikisha peke yangu, wala sikumwambia Mama Ingénieur. Nilishamsimamisha juani mara moja. Nilisoma miezi saba katika chumba cha kupanga, sijapanda lori hata moja. Siku ya mtihani niliingia darasani na ndevu zangu, watoto wote wakasimama: "Bonjour, monsieur le surveillant!" Nikaenda kukaa dawati la nyuma, nao wakacheka mpaka msimamizi wa kweli alipoingia.

Siku matokeo yalipotoka, mji ulikuwa mweupe. Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, akapitishwa mitaani kwa nyimbo, na kutoka asubuhi Ruashi ilinukia kama watoto waliotoka kuogeshwa. Ujumbe wangu ulikuwa umeingia kwenye simu. Sikuufungua. Nilitembea nao mfukoni mpaka kwake.

Alikuwa amestaafu, amekaa uani, goti lake baya limewekwa juu ya kigoda.

"Uko na sura ya muntu aliyevunja kitu," alisema. "Unavunja nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa sentensi kamili, tangu ghala la Kasumbalesa mpaka dawati la nyuma. Hakunikatiza. Mikono yake ilishika magoti yote mawili, hata lile baya.

"Nani alikupeleka kujiandikisha?"

"Miye peke yangu."

"Leta téléphone."

Aliiweka mbali na macho, akaisogeza, akaiweka mbali tena. Midomo yake ilisoma jina langu lote, hata lile la babu ambalo halitumiki. Tantine Béa alisimama mlangoni mwa jiko. Nilitazama viatu vyangu.

"Cinquante," alisema.

Hamsini kwa mia. Hapo ndipo mpaka ulipo. Kwa arobaini na tisa umeanguka, kwa hamsini umefaulu. Nikakaa chini kwenye udongo.

"Cinquante tu?" Tantine Béa aliuliza.

"Tu?" Mama Ingénieur alimgeukia kama aliyetukanwa. "Béa, daraja ya tani kumi ni ya kubeba tani kumi. Ukiijenga ya makumi mbili unapoteza simenti. Tazama huyu! Hakupoteza hata kidogo!"

Na hapo akainuka. Nilimwambia akae, akanisukuma. Akatafuta poda chumbani, hakuna; akamwita jirani, poda yake ilikuwa imekwisha tangu saa tatu. Akaingia jikoni kwa ule mwendo wake wa kuchechemea, tukasikia mfuniko ukianguka, akatoka amekumbatia beseni, na kabla sijajua lina nini unga wa mahindi ulinishukia kichwani, masikioni, ndani ya shati, wote.

"Yaya!" Tantine Béa alimpigia dada yake kelele. "Njo bunga ya leo ile! Hakuna ingine!"

"Tutakula muchele!" alijibu, beseni tupu mkononi, tayari ameanza kuimba. Aliimba vibaya sana, alikuwa na sauti ya mota inayohitaji grisi, na alicheza kwa mguu mmoja akinishika bega lenye unga ili asianguke. Watoto wa jirani wakaingia, mmoja akauliza kwa nini papa huyu amepakwa chakula, lakini hakungoja jibu, akacheza.

Tulikula mchele saa kumi. Haukuiva vizuri, kwa sababu Tantine Béa aliupika akitoka kila mara kuja kunitazama. Nilikula sahani mbili, na kila nilipoinama unga uliniangukia kwenye mchuzi.